Wekundu Chini ya Mlima Kenya: Kusoma Fani ya Mawimbi ya Tetemeko

Mwaka 1999 jarida la Science lilichapisha mchoro ambao kila mkazi wa Afrika Mashariki angefaa kuutazama walau mara moja maishani. Waliouchora ni Ritsema, van Heijst na Woodhouse. Ni kipande cha dunia kilichokatwa wima, kuanzia hapa tunapokanyaga hadi kina cha kilomita 2,890 hivi, mahali ambapo mwamba wa koti la dunia hukoma na chuma kilichoyeyuka cha kiini cha nje huanza. Penye buluu, mawimbi ya tetemeko hupita kwa kasi kuliko kawaida. Penye wekundu hupita polepole. Wekundu mkubwa kuliko wote umeanzia chini kabisa, mpakani mwa koti na kiini, chini ya Atlantiki ya kusini-mashariki. Unapanda ukiwa umelala ubavu, na kichwa chake kinafika koti la juu chini ya Afrika Mashariki. Kati ya mguu na kichwa kuna zaidi ya nyuzi 45 za mviringo wa dunia.

Mtu wa Meru au Embu akiutazama mchoro huo hahitaji kuelezwa sana. Atainua macho aone Mlima Kenya, Kirimara kwa Wameru, atakumbuka vilima vya Nyambene na mashimo yake ya volkano, kisha aseme: basi yote haya yametoka huko. Wekundu unaelekea kwetu. Wekundu ni moto. Mlima wetu ulikuwa wa moto. Hitimisho linajileta lenyewe, na kwa sababu hiyo linastahili kusimamishwa na kuhojiwa.

Nataka kuusoma mchoro huu kama mhakiki anavyosoma tungo, fani kwanza na maudhui baadaye. Hoja yangu ni kwamba wekundu ule umekuja wa tatu katika mlolongo. Mwanzo kuna herufi chache ambazo wanasayansi wa mitetemo huzitumia kutaja safari za mawimbi. Baada yake kuna mstari unaochorwa na mtambo ardhi inapotikisika. Rangi huja mwisho, na katika kila hatua kuna kitu kinachoachwa nyuma. Anayeanza kusoma kwenye rangi huamini mengi kuliko yaliyosemwa na mawimbi, na wakati huohuo hukosa mambo ambayo mawimbi yaliyasema waziwazi.

Basi tuanze na herufi. P ni wimbi linalosukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule linakokwenda, nalo ndilo la haraka. S huutikisa mwamba kwa ubavu, na ni la polepole zaidi. S halipiti katika kimiminika, kwa kuwa kimiminika kikisukumwa ubavu hakina ukakamavu wa kurudi mahali pake. K ni mwendo wa kusukuma na kuvuta ndani ya kiini cha nje, herufi iliyotoka Kijerumani. I ni mwendo huohuo ndani ya kiini cha ndani. Herufi ndogo c ni kudunda juu ya uso wa kiini, na i ndogo ni kudunda juu ya kiini cha ndani. Hayo yakishakaa kichwani, majina mengine yote yanasomeka. ScS ni wimbi lililoshuka likiwa S, likadunda mpakani, likapanda likiwa S. SKS ni wimbi lililoshuka likiwa S, likavuka kiini kwa namna ya P, likatoka upande wa pili na kuwa S tena. PKiKP lilishuka likiwa P, likaingia kiini cha nje, likagonga kiini cha ndani, likarudi kwa njia ya namna ileile.

Sijui mtindo mwingine wa uandishi unaobana safari ndefu kiasi hiki katika herufi chache kiasi hiki. Hakuna kitenzi, hakuna kiunganishi. Mpangilio wa herufi ndio mpangilio wa matukio. Inge Lehmann alipotangaza mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine, makala yake ilibeba kichwa cha herufi moja, P, na alama ndogo ya mkwaju pembeni mwake. Alikuwa amesoma, pamoja na mengine, mistari ya tetemeko la Murchison la New Zealand la mwaka 1929, akaona mawimbi mahali ambapo hayakutarajiwa kuwepo. Kichwa kile kilitosha. Wasomaji wake walijua kuwa wimbi lile ndilo hoja.

Lakini angalia kinachokosekana. Jina la SKS linasimulia kushuka, kuvuka na kupanda, pasipo kutaja mahali hata pamoja. Halisemi kama lilipita chini ya Kongo au chini ya Siberia. Na mpaka wa koti na kiini, ambao ndio mada ya mchoro wetu, hauna herufi yake katika jina hilo. Upo kati ya S na K, katika ule mgusano wa herufi mbili, na upo tena kati ya K na S ya mwisho. Hupata herufi pale tu wimbi linapokataliwa kuingia na kudunda, ndipo c huandikwa. Fani hii inautaja mpaka unapokuwa ukuta, na kuunyamazia unapokuwa mlango. Msomaji wa mchoro wa rangi anapaswa kulikumbuka hilo, maana kwenye mchoro mpaka umechorwa kama mstari thabiti wenye kina kinachojulikana, hali sehemu ya ushahidi wake imetoka kwenye mgusano huo wa herufi.

Sasa mstari wa mtambo. Tuchukue siku moja ya kweli. Jumamosi, tarehe 27 Februari 2010, saa tatu na dakika 34 asubuhi kwa saa za Kenya, ardhi ilipasuka kwenye pwani ya Maule nchini Chile. Ukubwa wa tetemeko lile ulikuwa 8.8. Kutoka Maule hadi Meru ni nyuzi 106 hivi za mviringo wa dunia, karibu kilomita 11,800, na Embu iko karibu kidogo tu kuliko hapo. Umbali huo una maana kubwa, kwa sababu kivuli cha kiini huanza kwenye nyuzi 104 hivi. Miji yetu miwili, ukiitazama kutoka Chile, iko ukingoni mwa kivuli hicho, hatua chache ndani yake.

Katika kivuli, P iliyonyooka haifiki. Ikishuka vya kutosha kuja huku, inagonga kiini na kupindwa kwenda kwingine. Inayofika ni ile iliyotambaa juu ya uso wa kiini, ikikwaruza mpaka wenyewe kabla ya kupanda. Imepoteza mitikisiko yake ya haraka njiani, kwa hiyo juu ya karatasi inaonekana kama mwinuko mdogo, mpole na mpana. Ilifika kwetu baada ya dakika 14 na kitu, yaani saa tatu na dakika 48 hivi. Hakuna aliyekuwa sokoni Gakoromone mjini Meru wala mjini Embu aliyeweza kuihisi. Unyonge wake ndio ushahidi wake. Mwaka 1906 Richard Oldham alitambua kwamba dunia ina kiini kutokana na jinsi mawimbi yalivyochelewa kufika upande wa pili, Beno Gutenberg akakokotoa kina chake mwaka 1913, na Harold Jeffreys mwaka 1926 akaonyesha kuwa kiini hicho ni kimiminika. Oldham na Gutenberg walisoma hivyohivyo, kwa kuzingatia kilichodhoofika, kilichochelewa au kilichokosekana.

Mtambo wa kisasa hauchori mstari mmoja. Huchora mitatu, mmoja wa juu na chini, mmoja wa kaskazini na kusini, na mmoja wa mashariki na magharibi. Msomaji hodari huizungusha hii miwili ya mlalo ili mmoja uelekee kule tetemeko lilikotoka na mwingine ukate njia hiyo. Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana kwenye kompyuta, na bila hiyo sehemu nzuri kuliko zote haionekani.

Sehemu hiyo inaanza kama dakika 25 baada ya tetemeko. Kwenye mstari unaoelekea Chile, SKS inafika, nayo ni pigo safi na kali. Kwenye mstari unaokata njia, wakati huohuo, pangepaswa kuwa kimya. Kimya hicho kimeletwa na kiini. Kimiminika huruhusu mwendo wa kusukuma na kuvuta pekee, na mwendo huo unapotoka na kugeuka S tena, hutikisa mwamba katika bapa moja tu, lile la safari yenyewe. Chochote kilichokuwa kikitikisika kukata njia kimeachwa mlangoni. Zaidi ya dakika moja baadaye inafika S ya pili, ile iliyotambaa mpakani pasipo kuingia kiini, na hii hujaa kwenye mstari uliokuwa kimya.

Msuko wa kisa hiki umegeuzwa. SKS imekwenda ndani zaidi, imevuka kiini, na bado imefika kwanza. Sababu ni kasi. S chini kabisa ya koti hukimbia karibu kilomita 7.3 kwa sekunde, hali mwendo wa K huanza na kilomita 8 hivi kwa sekunde mara tu unapoingia kiini, na huongezeka kadiri unavyozama. Kwa matetemeko ya karibu zaidi S ndilo hutangulia. Baada ya nyuzi 80 na kidogo SKS hulipita, na kwenye nyuzi 106 limeliacha mbali. Kwa hiyo anayesoma mstari toka kushoto kwenda kulia hasomi kutoka juu kwenda chini ya dunia. Anasoma mpangilio wa kufika, na lazima aupange upya kichwani ili apate mpangilio wa kina. Mchoro wa rangi humwondolea msomaji kazi hiyo. Humpa kina moja kwa moja, juu kikiwa juu na chini kikiwa chini, kana kwamba kuna mtu aliyeshuka na taa.

Je, njia hiyo ya kutoka Chile inapita wapi? Katikati yake iko chini ya Atlantiki ya Kusini, baina ya visiwa vya Tristan da Cunha na Saint Helena. Kisha inaanza kupanda, chini ya kusini mwa Angola, chini ya Katanga, chini ya nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, mpaka inafika mlimani kwetu. Rudi kwenye mchoro wa 1999 uone mguu wa wekundu ulipo, na kichwa chake kilipo. Ni njia ileile kwa sehemu kubwa. Mawimbi ya Chile yanayofika Meru hayaukati ule wekundu kwa upana wake. Yanaufuata kwa urefu.

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Ndani ya wekundu S hupoteza kama asilimia 3 ya kasi yake. Kilomita 1,000 za njia huichukua S ya kilomita 7 kwa sekunde kama sekunde 143. Ikipungua kasi kwa asilimia 3, inachelewa sekunde nne na kitu. Hizo sekunde ndizo malighafi yote ya rangi. Lakini kuchelewa hakuna anwani. Sekunde nne hazisemi kama zilipotea chini ya Atlantiki, chini ya Angola, au kilomita 100 tu chini ya Naivasha. Programu ya tomografia, ile inayogeuza kuchelewa kuwa rangi, hulazimika kuzigawa sekunde hizo kando ya njia nzima, na hupata mahali pake halisi pale tu njia nyingine, zinazotoka pande nyingine, zinapokatana na hiyo. Mahali ambapo njia nyingi zinaelekea upande mmoja na chache zinazikata, doa la rangi hurefuka kufuata njia. Amerika ya Kusini hutoa matetemeko makubwa bila kukoma. Umbo refu lililoinama kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki ndilo umbo ambalo mpangilio huo wa njia ungependelea kulichora.

Sisemi kwamba wekundu umezushwa. Waandishi wale hawakutumia wimbi la aina moja. Walichanganya nyakati za mawimbi yanayozama, kasi za mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, na mitetemo ya dunia nzima inayolia kama kitu kimoja baada ya matetemeko makubwa. Sehemu ya chini ya wekundu imethibitishwa tena na tena kwa njia zisizofanana. Ninachosema ni kwamba mwinamo wake, hasa pale kichwa kinapounganishwa na koti la juu chini yetu, umeandikwa kwa ushahidi mwembamba kuliko rangi inavyoonyesha, na rangi haina namna ya kukiri hivyo. Wekundu uliotokana na njia elfu moja na wekundu uliotokana na njia kumi huchapishwa kwa wino uleule.

Kuna tatizo la karibu zaidi. Juu ya safari hiyo ndefu, kilomita mia chache za mwisho, wimbi linapita katika koti la juu la Kenya, nalo lina habari zake. Mradi wa KRISP, uliolipua baruti katika maziwa ya Turkana, Baringo, Naivasha na Victoria kati ya mwaka 1985 na 1994, ulikuta ganda la dunia likiwa na unene wa kilomita 35 hivi upande wa kusini wa Bonde la Ufa na kilomita 20 tu kule Turkana. Mstari mmoja wa mwaka 1990 ulivuka Bonde kutoka Ziwa Victoria hadi Chanler's Falls kwenye mto Ewaso Ng'iro, kaskazini mwa Meru. Baadaye, mwaka 2006, Park na Nyblade walionyesha eneo la mawimbi ya polepole chini ya Bonde la Ufa la Kenya, linaloinamia magharibi. Kwa hiyo mtambo uliowekwa huku ungeona kuchelewa hata kama koti la chini lingekuwa na kasi ya kawaida kabisa. Pia miamba ya koti la juu huku imepangika kwa namna inayoigawa S mara mbili, na mgawanyiko huo huvunja kile kimya cha mstari wa pili. Habari za kilomita 2,890 zinatufikia zikiwa na lafudhi ya kilomita 100.

Wanaoijua kazi hii wana dawa ya lafudhi hiyo, na ni dawa ya kihakiki. Huchukua nakala mbili za kisa kimoja na kuzilinganisha. SKS na S zilianzia tetemeko moja na kumalizikia kituo kimoja. Kilomita zake za kwanza na za mwisho zinakaribiana sana. Ukitoa muda wa moja katika muda wa nyingine, makosa ya pamoja yanafutika, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni tofauti ya huko chini, pale moja ilipopenya mlangoni na nyingine ikatambaa ukutani. Pengo la dakika moja na kitu kati ya mapigo mawili, likipanuka kwa sekunde chache kuliko inavyotarajiwa, lina thamani kuliko ukurasa mzima wa rangi.

Na mfano bora wa usomaji huo umetoka katika bara letu. Mwaka 2002 Ni, Tan, Gurnis na Helmberger walisoma mawimbi ya SKS yaliyopita kwa bahati kandokando ya ubavu wa mashariki wa umbo lile chini ya kusini mwa Afrika, ambako umbo lina upana wa kilomita 1,200 hivi na linapanda kwa mshazari kilomita 1,500 kutoka mpakani. Mawimbi mengine yalipita ndani ya ubavu, mengine nje yake kidogo. Badiliko kati ya ndani na nje lilitokea katika nafasi isiyofikia kilomita 50. Ukingo ni mkali. Joto peke yake hutawanyika na kufifisha kingo zake kadiri muda unavyopita, kwa hiyo ukingo mkali unaashiria kwamba mwamba wa ndani una tofauti ya madini pamoja na joto.

Linganisha na mchoro wa rangi. Pale wekundu hugeuka taratibu, ukawa rangi ya machungwa, ukawa njano, ukaishia weupe. Macho yanaona kitu laini, kama mvuke unaopanda. Mawimbi yamesema kuna ubavu uliochongoka, rangi imesema kuna ukungu. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la fani hii, na ni kubwa kuliko kosa la kutia chumvi. Imeficha ugunduzi wake wenyewe. Mtu aliyelelewa na mchoro laini hufikiria mkondo wa moto. Mtu aliyesoma yale mapigo ya SKS hufikiria kitu chenye uzito, pengine cha kale sana, kilichokaa juu ya kiini na kukataa kuchanganyika na mazingira yake.

Wang na Wen walikwenda mbele mwaka 2007, wakitumia rekodi za mitambo ya muda iliyokuwa Afrika Kusini mwaka 1997 hadi 1999, Tanzania mwaka 1994 na 1995, na Ethiopia na Kenya kati ya mwaka 2000 na 2002. Nchi yetu imo katika usomaji huo. Walikuta sehemu ya chini ya umbo ikipunguza kasi ya S kwa asilimia 5 hivi, na ile ya juu yake kwa asilimia 2 au 3. Yaani umbo lina tabia mbili, sehemu ya chini ikichelewesha mawimbi kuliko ya juu. Kisha mwaka 2021 Tsekhmistrenko na wenzake walileta taswira nyingine kabisa, ya mti, baada ya mitambo kuwekwa hata chini ya bahari kuzunguka kisiwa cha Réunion. Badala ya mteremko mmoja, ni shina pana na matawi yanayoinama kuelekea Afrika Mashariki na Réunion. Wapo pia wanaoona chini ya Kenya na chini ya Afar mikondo miwili tofauti.

Mteremko, mti, mkondo, rundo. Kila jina linakuja na kisa chake ndani. Mkondo unapanda, rundo limekaa, mti umeota. Ndiyo maana napendelea jina ambalo Kevin Burke aliliachia umbo la Afrika, Tuzo, kwa heshima ya J. Tuzo Wilson wa Kanada, na lile la Pasifiki, Jason, kwa heshima ya W. Jason Morgan. Jina la mtu halidai kujua kitu hicho kinafanya nini.

Turudi sasa kwenye mlima. Modeli iliyozaa mchoro wa 1999 inaitwa S20RTS. Ile 20 ni kipimo cha uchambuzi, kinachoeleza jinsi modeli inavyoweza kutofautisha sehemu na sehemu. Juu ya ardhi, kipande kidogo kuliko vyote inachoweza kukipa rangi yake chenyewe kina upana wa kilomita 1,000 hivi. Kutoka Meru hadi Embu, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 70 hivi. Mlima Kenya mzima, Nyambene, ziwa Nkunga ndani ya kreta yake, miamba ya kale ya gneisi kule Mbeere, na Bonde la Ufa kutoka Magadi hadi Turkana, vyote vinakaa ndani ya doa moja la rangi. Mchoro hauwezi kusema kwa nini mlima ulitokea upande huu wa mashariki mwa Bonde na usitokee Kitui. Hauwezi kusema kwa nini ulizimika hali Nyambene ikaendelea kutema mawe baadaye. Anayeusomea hayo anausomea kitu ambacho hakikuandikwa.

Kuna jambo moja ambalo unaweza kulisema kwa haki, nalo ni la upana wake. Mji wa Embu uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ilhali haujapanda mlima sawasawa. Nyanda zetu zote, kutoka Afrika Kusini hadi Ethiopia, ziko juu isivyo kawaida kwa bara la kale. Nyblade na Robinson waliliandika hilo mwaka 1994, na mwaka 1998 Lithgow-Bertelloni na Silver wakaonyesha kwa hesabu kwamba koti la chini linaloinuka lingeweza kuinua ardhi kiasi hicho. Hapo ukubwa wa swali unalingana na ukubwa wa doa. Mwinuko wa nusu bara unaweza kuulizwa kwa umbo la nusu bara. Mlima mmoja hauwezi.

Kuna mtambo usio mbali na kwetu. Kituo cha KMBO kiko Kilimambogo, kama kilomita 70 kutoka mjini Embu, nacho ni sehemu ya mtandao wa kimataifa ambao data zake ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Wanafunzi wetu wa Jiografia hufundishwa ganda, koti na kiini kwa kuchorewa duara lenye rangi tatu. Walimu wa fizikia na jiografia katika Chuo Kikuu cha Embu, Chuka, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, nawaomba mwanze na mstari kabla ya rangi. Chagueni tetemeko moja kubwa la Chile au Peru ambalo kituo hicho kililinasa, izungusheni mistari ya mlalo, oneni SKS ikitangulia na S ikifuata, pimeni pengo kwa rula. Kisha ndipo mfungue mchoro mwekundu na kuwauliza wanafunzi ni sehemu gani ya wekundu huo wameiona kwa macho yao wenyewe.